Kidole na Kiganja

Wiki mbili kabla ya msimu wa wageni, makumbusho yalituma barua ya ukurasa mmoja kwa waongoza watalii wote. Mifupa imepimwa upya, barua ilisema. Mwanamke na mtoto wanaolala pamoja katika shimo namba nne si mama na mwanawe. Hawana undugu wowote. Mtoto alizikwa pale takriban miaka mia tatu baada ya yule mwanamke. Wageni wasielezwe vinginevyo kuanzia sasa.

Barua ilibandikwa kwenye chumba cha waongoza watalii, juu ya meza ya birika, na kila aliyeisoma alilalamika kwa namna yake.

"Wametuua njaa hawa," alisema mmoja. "Pale ndipo wageni walipokuwa wakitoa vitambaa vya machozi. Na wakitoa kitambaa, na bahashishi inafuata."

"Mtu akilala na mtoto kifuani miaka elfu nne," alisema mwingine, "huyo mtoto ni wake. Hayo mengine ni mambo ya maabara."

Wakacheka. Yule waliyemwita Profesa hakucheka. Alisoma barua mara mbili, akamimina chai, akaisahau mezani mpaka ikapoa.

Hakuwa profesa wa kitu chochote. Alimaliza kidato cha nne akaajiriwa kubeba ndoo za udongo wakati wa uchimbaji, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kusikia, maneno ya wataalamu yalimwingia moja moja hadi akaweza kuyasema bila kigugumizi. Mwaka wa thelathini huu akiongoza watu wa likizo. Safari ilikuwa ya siku sita: korongo la zana za mawe, pango la michoro, nyayo zilizogandia kwenye majivu, magofu ya kuta, kisha shimo namba nne. Shimo aliliweka mwisho makusudi. Angewapanga wageni kuzunguka kioo, asubiri viatu vitulie, halafu aseme kwa sauti ya chini, "Mtazameni. Hajamwachia mpaka leo." Hapo mtu mzima na ndevu zake hugeukia pembeni akajifanya anafuta miwani.

Maneno yale hakufundishwa na mtu. Aliyatoa kwake mwenyewe, na alikoyatoa hakuwahi kumwambia mtu.

Miaka ishirini na minne nyuma, mkewe alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike, akavuja damu mpaka madaktari wakakata tamaa. Mtoto aliishi siku tano. Mama alikuwa bado hajitambui, basi baba akaenda makaburini na majirani wawili na mchimba kaburi, mvua ikimwagika, wakamzika haraka na kuchomeka kijiti chenye namba. Siku ya pili kulikuwa na kundi la wageni linamsubiri, na dawa za hospitali zilikuwa hazijalipiwa. Akaenda kazini. Kabla hajarudi, mvua ilikuwa imelaza vilima vyote vidogo vya upande ule, na vijiti mtu alikuwa ameviokota kuwashia moto.

Wiki ya saba mkewe akasimama kwa miguu yake. Kitu cha kwanza alichotaka ni kupelekwa. Alimwegemea njia nzima, akisimama kila hatua kumi, na walipofika kwenye ukuta wa makaburi akauliza, "Yuko wapi?"

Profesa alitazama tope. Hakuona kitu alichokijua. Akasema, "Hapa."

Tangu siku ile, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mkewe alikwenda *hapa*. Alipalilia, akafagia, akazungushia mawe na kuyapaka chokaa. Wakazaliwa wavulana wawili, wakakua, wakaondoka, na bado alikwenda. Mumewe alimsindikiza mara moja moja, shingo upande, na mkewe alidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, lakini si ule.

Basi mwaka huu mgeni mmoja alighairi safari dakika za mwisho, na ofisi ikamwambia Profesa kiti kimelipiwa, chumba kimelipiwa, amlete mama. Angeweza kunyamaza. Lakini karani wa ofisi ile alipitia kwenye kibanda cha ushonaji cha mkewe kuchukua sketi yake, na habari ikamtangulia nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani na miaka yote hakuwahi kukanyaga kazini kwa mumewe. Kila msimu wa wageni ulikuwa pia msimu wa sare za shule. Safari hii alifunga kibanda.

"Nikawaone hao wake wenzangu wa mifupa," alisema akipanga nguo kwenye begi, "wanaokulaza nje kila mwezi."

"Utachoka, mama. Ni jua na vumbi tu."

"Nimekaa miaka yote hiyo na cherehani. Nichoke mara ngapi?"

Alikaa kiti cha nyuma ya dereva, na wageni, watu kumi wastaafu wenye kofia pana, walimpenda siku hiyo hiyo. Mkunga mmoja mstaafu, mwanamke mnene wa maswali mengi, alikaa naye na kumwonyesha picha za wajukuu. Korongoni, mkewe aliokota jiwe na kuuliza kama hilo nalo ni shoka. Profesa akamwambia ni jiwe. Watu wakacheka, yeye wa kwanza. Usiku ule hotelini Profesa alilala akifikiri labda itapita salama. Barua ya makumbusho ataisoma kwa haraka, kavukavu, watu wapande basi.

Siku ya tatu walisimama kituo cha mafuta. Profesa alikuwa mlangoni mwa basi akihesabu vichwa, na dereva, ambaye alikuwa amesafiri naye miaka kumi na tano na hakuwa na breki ya mdomo, alikuwa akipiga soga na mkewe.

"Shemeji, nikupe siri ya kazi?"

"Nipe."

"Mtazame bwana mkubwa mikono. Akionyesha kitu kwa kidole, hivi, ujue hicho anakijua, kimeandikwa. Akifungua kiganja, hivi, kama anakukaribisha chakula, hapo ujue anabahatisha."

"Toka hapa."

"Haki ya Mungu. Waongoza watalii wote wa hapa wamefundishwa na mzee mmoja. Mzee alikuwa anawaambia, unachokijua kisonte, usichokijua fungua kiganja, mgeni atajiwekea mwenyewe. Muulize."

Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu. Profesa naye alicheka, akamwambia dereva kwamba atamfukuzisha kazi. Kisha akamwona mkewe. Alikuwa ametulia, macho yamemganda kwenye mkono wa mumewe ulioshika chuma cha mlango, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

Tangu hapo hakumtazama tena usoni. Kwenye pango, Profesa aliposonta swala mwekundu kwa kidole, alihisi jicho lake. Aliposema, "Na hapa ndipo walipokuwa wakiota moto," kiganja chake kilifunguka chenyewe kabla hajakizuia. Alijaribu kuweka mikono nyuma ya mgongo. Akajikuta hana la kusema. Alijaribu kusonta kila kitu, mpaka mgeni mmoja akamwuliza kama ana hakika kwamba watoto walilala upande ule, akajibu, "Hapana," na watu wakashangaa. Chakula cha jioni mkewe aliongea na mkunga. Chumbani alisema kichwa kinamuuma, akageukia ukuta. Profesa alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, akitunga sentensi. Hakuna hata moja iliyofika mwisho.

Siku ya sita wakafika shimo namba nne.

Lilikuwa chini ya paa la bati, limefunikwa kioo, na kuzungukwa na ujia wa mbao. Mwanamke alilala ubavu, magoti yamekunjwa. Mbele ya kifua chake, mifupa midogo ya mtoto, mingine myembamba kama njiti za kiberiti. Wageni wakajipanga. Viatu vikatulia.

Profesa akasema yaliyoandikwa. Si mama na mwanawe. Hawana undugu. Kuna miaka mia tatu kati yao.

"Kumbe," alisema mkunga, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Sasa huyu mtoto ni wa nani?"

"Hatujui."

"Na aliyemleta hapa alijua kuna mtu chini?"

"Hatujui. Huenda alichimba tu, akamkuta."

"Na mama yake yuko wapi?"

Profesa akajibu kwamba hilo pia hawalijui. Hakuna aliyetoa kitambaa. Walizunguka kidogo, wakapiga picha, wakatoka mmoja mmoja kwenda kununua maji. Mkewe akabaki, mikono kwenye ukingo wa mbao, amewatazama wale wawili.

"Siku ile makaburini," alisema.

"Siku gani?"

"Usinifanye mgeni."

Profesa akafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati.

"Ulinionyesha kwa kidole au kwa kiganja? Mimi nilikuwa nimekuegemea, natazama chini. Nakumbuka mkono tu, na mvua juu yake. Kila usiku tangu kituo cha mafuta nauona. Lakini nakuuliza, nataka useme wewe."

Profesa alitazama mkono wake. "Kwa kiganja," alisema.

Mkewe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa kipimo alichokwisha kukisia.

"Kwa hiyo nimemlea mtoto wa mwenzangu."

"Huenda hapana mtu pale. Vilima vilikuwa vimelala vyote, mama. Nilitafuta."

"Huenda hapana mtu." Alirudia bila ukali. "Miaka ishirini na minne napaka chokaa mawe, na wewe unaniona, unanunua hiyo chokaa. Wavulana nimewapeleka pale. Nimewaambia msalimieni dada yenu."

"Ulikuwa huwezi hata kusimama. Ningekwambia nimempoteza?"

"Ndiyo. Ungeniambia. Tungempoteza wote wawili. Sasa umempoteza peke yako, na mimi umeniachia mawe."

Nje, dereva alipiga honi mara moja, taratibu. Hakuna aliyesogea.

"Unajua nini?" mkewe akauliza. "Yale unayoyajua hasa. Nisontee."

Alianza kuyatafuta, akimtajia moja moja. Alijua ilikuwa upande wa ukuta wenye ufa. Alijua mchimba kaburi alikuwa na kikohozi. Alijua kwamba jirani mmoja alivua koti akalishikilia juu yao, na kwamba mtoto alikuwa mwepesi mpaka alilazimika kutazama kuhakikisha bado amembeba.

"Alivaa nini?"

"Fulana ya njano. Ile uliyomshonea."

"Ya vifungo viwili."

Profesa akatikisa kichwa. "Kimoja," alisema. "Kimoja kilikuwa kimedondoka."

Mkewe aliweka kiganja mdomoni. "Nilikishona usiku," alisema. "Sikufunga fundo." Profesa akanyoosha mkono kumshika, naye akajitoa, si kwa nguvu, akapita kwenye ujia wa mbao kuelekea kwenye basi. Njiani kurudi alimpa mkunga kiti cha dirishani, akalala au akajifanya amelala.

Nyumbani mambo yalikwenda. Alipika, alishona, alimwamkia. Hakupandisha sauti, na Profesa angeshukuru kama angepandisha. Jumapili ya kwanza ya mwezi ilipofika, alitoa jembe dogo na ndoo uani. Profesa alikuwa amekwisha vaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Tunakwenda wote."

"Wewe kaa."

Alirudi mchana, udongo magotini, ndoo tupu. Profesa alimpokea ndoo.

"Umepalilia wapi?"

"Huko," mkewe alisema, akaingia kuoga.

Ikawa hivyo mwezi uliofuata, na uliofuata. Alikuwa na mahali. Alikuwa amekaa chini mahali fulani mle makaburini na kukata shauri kwamba mtoto yuko hapo, na hakumwambia.

Siku moja ya kazi, wageni walipochelewa, Profesa alikwenda makaburini peke yake. Yale mawe meupe aliyakuta. Majani yalikuwa yamefika magotini na chokaa imeanza kubanduka. Akafuata ukuta wenye ufa, akainama kila penye udongo uliofukuliwa karibuni, akitafuta alama ya jembe dogo. Lakini watu wengi walikuwa wakipalilia upande ule, na kila mmoja alikuwa na jembe. Alikwenda safu hii, akarudi safu ile, mpaka mlinzi wa makaburi akamjia.

"Mzee, unamtafuta nani?"

"Mke wangu," alisema Profesa.

Mlinzi akavua kofia, akampa pole. Profesa akaipokea.