Mzee wa Mali Niliyemwepusha na Samaki

Kwamba mtu wa nchi isiyo na bahari akila samaki ulimi huvimba hadi uzibe koo, mimi niliamini kama ninavyoamini Baba Yetu. Jambo hilo nililisikia siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wazee kule Toongabbie, ughaibuni, kutoka kwa dereva wetu Baraka, Mkongo.

“Huyu mzee wa Mali, ndugu, samaki ni sumu kwake.”

“Kweli?”

“Nikudanganye nipate nini?”

Mzee Seydou ndiye niliyekabidhiwa siku hiyo. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno. Nyinyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba asiyesema husomwa mwili. Kila baada ya saa mbili tulimgeuza ubavu asipate vidonda vya kulalia, na chati ya chakula ilimwambia mpishi nani ale nini. Nami nilikuwa na nguvu za ng'ombe kumi, na cheti cha shule ya jioni chenye alama za jiografia za juu kuliko Mlima Kenya.

Nikamwendea Sista Mkuu, msimamizi wa wauguzi, nikamwambia Mzee asipewe samaki.

“Una hakika?”

“Sista, jiografia ndiyo somo langu. Mali ni mchanga, pamba na ng'ombe. Bahari haipo.”

“Haya, naandika. Nitamuuliza binti yake.”

Binti aliishi Perth, upande wa pili wa nchi. Sista akahamishwa kabla hajauliza, na wakubwa waliomfuata walilikuta katazo hilo chatini. Chati kwetu haibishaniwi.

Ijumaa ilikuwa siku ya samaki. Toroli la chakula likipita, Mzee aliunyoosha mkono wake mzima kulielekea, nami nikakisukuma kiti chake hadi bustanini, mbio kuliko treni, nimwokoe. Akaanza kukataa uji, kisha kuku, kisha supu. Nilimbembeleza kwa kijiko hadi chakula kikapoa. Mashavu yakabonyea. Majira ya baridi hayakwisha akiwa hai.

Nimestaafu sasa, na mgongo siulalamikii. Ninachojiuliza ni hiki: Uganda, jirani yetu, haina bahari, na samaki wake nimewala tangu utoto. Mbona hilo halikunijia?

Binti alipokuja kuchukua nguo za marehemu, nilimsimulia kwa fahari jinsi nilivyomlinda baba yake. Akakaa kitandani, sweta la mzee mapajani.

“Kaka,” akasema, “baba alikuwa mvuvi. Tuna mto mkubwa, unafurika kila mwaka. Tunavua, tunakausha kwa moshi, tunauza. Nyumbani tulikula samaki kila siku.”