Mpaka Chini ya Gunia

Binti yangu anauza viazi kwa simu siku hizi. Anapiga picha gunia likiwa wazi, anawatumia watu ambao hajawahi kuwaona, nao wanalipa kabla gari halijaondoka Mbeya. Juzi alinieleza mambo hayo taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga vifungo. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba mimi niliuza viazi kwa simu kabla yeye hajazaliwa, ila simu yangu haikuwa na picha. Ilikuwa na kelele.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli mpya imeshafika Mbeya. Mume wangu, Mhehe wa Iringa, alipata kazi relini, tukapanga vyumba viwili Iyunga. Mimi kukaa bure siwezi. Nikaanza kununua viazi kwa mama mmoja Msafwa, mkulima wa mlimani, mtu mzima wa kuweza kunizaa. Nilivipakia kwenye malori yaendayo Iringa, na huko wifi yangu, dada wa mume wangu, alivipokea na kuviuza sokoni Mlandege. Faida tuligawana.

Shida ni kwamba hakuna aliyemwona mwenzake. Wifi hakuona nilivyonunua, mimi sikuona alivyouza. Habari zote zilisafiri vinywani mwa madereva na utingo wao, na kila aliyeubeba ujumbe aliuongezea chumvi yake. Nikitumiwa hela, nabaki najiuliza: ni kweli bei ya Iringa ndiyo hii, au wifi ananimega?

Naye akaleta lake. Alituma neno kwamba juu ya gunia viazi ni vya kupendeza, lakini chini ni vidogo, havimenyeki. Mimi magunia nilikuwa nayapokea yameshashonwa huko huko shambani, majani yamejazwa mdomoni. Nikaona ni kisingizio tu cha kunipunja. Hasira zangu ziko karibu, hata leo. Nikamjibu kwa dereva yuleyule maneno ambayo sitayaandika hapa, na sidhani kama dereva aliyapunguza makali.

Basi nyumba ikaingia baridi. Mume wangu akawa anakula kimya na kukimbilia kazini hata siku isiyo zamu yake. Mwishowe wifi akatuma neno la kukata: mzigo mwingine kama ule ukija, atatafuta mtu mwingine wa kumletea. Niliumia. Biashara ningeweza kuianza upya, lakini ukweni ningebaki kuwa yule mke aliyemwibia wifi yake, na jina la namna hiyo halioshwi kwa sabuni.

"Pigianeni simu," mume wangu akasema. "Mgombane wenyewe, mniache mimi."

Tukapanga. Wifi angesubiri kwenye duka moja lenye simu, jirani na soko, na mimi ningekwenda posta mjini. Siku hiyo yule mama wa mlimani alikuwa ameshuka na mzigo wake. Aliposikia ninakokwenda, akafunga kitenge vizuri.

"Mwanangu, na mimi nikaione hiyo simu. Nasikia mtu wa Iringa anaongea utafikiri yuko jikoni kwako."

Nikamchukua kwa majivuno, kana kwamba simu ni yangu.

Posta palijaa. Uliagiza simu dirishani, ukaketi kwenye benchi mpaka uitwe. Tulikaa sana. Hatimaye karani akapaza sauti: "Iringa, kibanda cha pili!" Nikaingia, nikavuta mlango.

Laini ilikuwa mbaya, inavuma kama mvua juu ya mabati. Sauti ya wifi ilikuja ikipotea, ikirudi. Hapakuwa na njia ila kupiga kelele, na kila neno nililisema tena ili nijue nimelisikia.

"Kamwene, wifi!" nikamsalimu kwa Kihehe chao. "Gunia uliuza shilingi ngapi?"

Akajibu.

"Thelathini? Umesema gunia thelathini?"

"Thelathini, kama nilivyokwambia siku zote!" Nyuma yake nikasikia sauti za wanawake wengine wa sokoni, maana naye alikuwa anapiga kelele katikati ya duka, wenzake wamemzunguka. "Mwambie! Wote tunauza hivyo!" Mtu hawezi kudanganya bei mbele ya wanaouza naye. Nikajua papo hapo kwamba wifi yangu hakuwahi kunimega hata senti, nikafurahi.

"Na viazi je?" nikauliza.

Akasema. Nami nikarudia kwa sauti ileile: "Vya chini vidogo kama mayai ya kwale?"

"Tumeviona!" wakaitikia wale wanawake.

Hapo ndipo nilipogeuka, nikatazama kwenye kioo cha mlango. Ukumbi mzima ulikuwa unanisikiliza. Mama wa mlimani alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa makini sana, na kusoma saa hakujua. Alikuwa amesikia mayai ya kwale. Tena alikuwa amesikia thelathini, na mimi nilikuwa namlipa chini ya nusu yake.

Nilitoka kibandani nimeloa jasho. Kijana mmoja kwenye foleni alinong'ona, "Mlanguzi huyo." Neno hilo siku zile halikuwa mchezo, lingeweza kukufikisha polisi. Nikamshika mama mkono, tukatoka nje haraka. Kwenye ngazi akasimama, hataki kwenda.

"Thelathini," akasema.

"Mayai ya kwale," nikasema.

Tukatazamana. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, na maneno ninayo. Yeye akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika ukuta. Nikacheka na mimi. Watu waliokuwa wanaingia posta walitupisha kama wagonjwa.

Tuliketi palepale ngazini tukaongea kama watu wazima. Nilimweleza lori linavyokula na ushuru wa soko unavyokula. Alinieleza bei ya mbolea, na mgongo wake. Tukapandisha bei yake, na magunia yakawa ya kushonwa mbele ya macho yangu. Kizuri chajiuza, nilimwambia, nikijifanya ninatoa hekima. Jioni nilimnung'unikia mume wangu kwamba faida yangu imekatwa kipande kinene. Akasema yeye angalau sasa anaweza kwenda kwao Krismasi. Akala vizuri usiku ule, akaomba aongezewe.

Mzigo uliofuata ulipofika Iringa, tulikwenda posta tena. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Safari hii niliacha mlango wa kibanda wazi.

Laini siku hiyo ilikuwa safi ajabu. Wifi hakuhitaji hata kupaza sauti.

"Wifi yangu," akasema, na nilikuwa sijaitwa hivyo kwa muda mrefu, "viazi vizuri mpaka chini. Na bei imepanda kidogo, thelathini na mbili."

Nilisikia kila neno. Nikavuta pumzi.

"Sikusikii, wifi!" nikapiga kelele. "Viazi vizuri mpaka chini ya gunia? Na bei imepanda, thelathini na mbili?"

"Ndiyo, wifi, mbona unanipasua sikio?"

Kule kwenye benchi mama alimgeukia mtu aliyeketi karibu naye, mtu asiyemjua kabisa, akamgusa goti.

"Vya kwangu hivyo," akasema.