Betri Juu ya Bati la Mama Mkwe

Kwa miaka kadhaa sasa sijanunua betri za tochi. Nanunua betri za kompyuta zilizokufa kwa fundi mmoja mjini Mpanda, nazipasua nyumbani kwangu Nsemulwa, na ndani nakuta seli sita za lithiamu. Mara nyingi zilizokufa ni mbili tu; nne zimehukumiwa pamoja nazo. Nazichaji, naziacha wiki nzima, napima tena kwa mita. Inayoshuka naiweka kando. Isiyoshuka naiandika volti zake ubavuni na kuitia kwenye tochi. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma, nikaunguza vidole viwili, nikasoma tena.

Mke wangu anaita kazi hii "uchafu wako". Mama yake, anayeishi Kasekese, alikuwa bado hajasema lolote, na nilitaka sana aseme jambo zuri. Tangu nimwoe binti yake, alikuwa ananitambulisha kwa wageni kama "yule asiyelima tumbaku".

Mama mkwe anafuga kuku. Kila yai linaloatamiwa hulipeleka chumbani kwenye giza, huliweka mdomoni mwa tochi na kutazama kama lina kifaranga. Tochi yake ilikuwa inamaliza betri kama karanga. Nikampelekea tochi ndogo ya chuma, seli moja, na chaja ya kuchomeka kwenye sola yake. Nilimpa masharti matatu, macho yangu yakiwa chini kama inavyotakiwa: usiiache iishe kabisa, usiichaji kwa kitu kingine, ikivimba itoe. Sharti la nne halikunijia.

Baada ya wiki mbili nilirudi, mchana wa jua kali. Yeye alikuwa ndani, kwenye kiti chake karibu na mlango. Mimi nje, nimekaa ubavu nisimtazame.

"Ile betri yako imechoka, baba," akasema. "Nimeianika."

"Wapi, mama?"

"Juu ya bati. Nimeigongagonga na jiwe kwanza, iamke."

Nilipaswa kulijua hilo. Kuanzia Ilembo mpaka Kasekese hakuna nyumba isiyoanika betri, na hata mimi nimewahi kuzing'ata. Betri ya kawaida huamka kidogo. Seli ya lithiamu iliyobonyea, ikipikwa juu ya bati, inaweza kuwaka, na bati lile limegusana na paa la nyasi la jikoni.

"Inaweza kuwasha moto, mama. Inabidi nipande."

"Apande nani? Mkwe? Juu ya kichwa changu?"

Kwetu mkwe hapandi paa ambalo mama mkwe yuko chini yake. Jirani yake, aliyekuwa anapepeta maharage uani, akaweka ungo chini.

"Toka nje basi, dada. Ukitoka hayuko juu ya kichwa chako, yuko juu ya kiti chako."

"Nitoke kwangu kwa ajili ya betri?"

"Au baki uungue na heshima yako."

Akatoka, akaipa nyumba mgongo, akajifunika khanga kichwani asiione miguu yangu. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, kisha juu ya bati, nikifuata mistari ya misumari. Makopa ya muhogo yaliyoanikwa huko yalivunjika chini ya viatu. Nikaichota seli kwa upawa wa jikoni, nikashuka nayo, nikaifukia kwenye mchanga mbali na nyumba. Nikaamuru watu wasisogee.

Tukasubiri. Kuku mmoja akaja kuparua palepale.

"Imewaka?" akauliza mama mkwe, bado ametupa mgongo.

"Bado, mama."

"Nimetolewa kwangu kwa ajili ya 'bado'."

"Betri ikiisha haiwaki kwa urahisi, ila hii imegongwa…"

"Ulijua imeisha?"

Nilijua. Nikamfukuza kuku.

"Paneli mnaianika," akasema, "betri nisiianike. Haya."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Hukumu ilikuwa kuku jike mmoja mweupe, wa kusafisha paa lililokanyagwa na mkwe. Nilimpeleka wiki iliyofuata, pamoja na seli nyingine na karatasi yenye sharti la nne: usianike, usigonge. Kuku huyo sasa anaatamia, na mayai yake yanatazamwa kwa tochi yangu. Seli inachajiwa kwenye chaja.

Wageni wanaambiwa mimi ni "yule aliyepanda bati". Tumbaku haitajwi tena.