Upepo Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Nilijua tuna tatizo kabla king'ora hakijalia. Ukiendesha gari moja miaka mingi, mguu wako unajua. Breki ilikuwa inakwenda chini kidogo kuliko jana yake, na mshale wa geji ya upepo, ambao siku zote ukishapanda umepanda, ulikuwa unashuka kila nikitoa mguu kwenye mafuta. Tulishapita Makambako, tunateremka kuelekea Igawa. Nikasema kwa sauti, leo hapana. Ungeharibika jana, kesho uharibike upendavyo, lakini leo hapana bwana.

Gari lenyewe ni lori la zamani lililojengewa nyumba mgongoni. Lina vitanda, jiko la gesi, sinki, makabati, mpaka mapazia. Wazungu wawili walizunguka nalo nchi nyingi, wakafika Idodi wakielekea kuangalia tembo, na pale wakachokana, wao kwa wao na gari lao. Nikalinunua mimi. Nimezaliwa Idodi, ufundi nimejifunza Ipogolo chini ya malori ya watu, na sasa kazi yangu ni kupeleka wageni mbugani, wanapika humo na wanalala humo. Pale Iringa wanaliita nyumba ya magurudumu. Wakimaliza kulishangaa gari wanaanza kunishangaa mimi dereva.

Siku hiyo hatukuwa na mgeni. Kitanda cha nyuma alilala baba mkwe wangu. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, tukamleta kwetu Iringa atibiwe, na tangu hapo alikuwa hawezi kukaa wala kusimama, kazi yake kulala chali. Jioni moja simu ikapigwa kutoka Mbalizi kwamba kaka yake amefariki na mazishi ni kesho saa kumi. Huyo kaka ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha. Walibaki wawili tu katika watoto wa mama yao, na walishaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemtupia udongo wa kwanza. Mzee hakulia. Alimwambia mume wangu, "Nipelekeni. Hata mkinifunga juu ya mbao, nipelekeni." Basi gani lingembeba mtu amelala? Tulikuwa na gari moja tu la hivyo, langu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hutaelewa tulichohangaika nacho. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao mke hamtazami baba mkwe wake. Hamtazami, haongei naye, haingii chumba alichomo. Wengi wa rika letu wameyaacha hayo, lakini mzee wangu alikuwa wa kale na mimi niliingia kwao nikiwa binti mdogo, marehemu mama mkwe akanifundisha vizuri. Huko kwao nilikuwa nikienda uani nakohoa kwanza ili apishe. Chakula napika mimi, anapeleka mwanawe. Miezi yote ile nyumbani kwangu nilimjua kwa kikohozi, kwa redio yake, na kwa viatu vyake vilivyokaa mlangoni bila mtu wa kuvivaa. Mimi ni Mhehe, kwetu hatuna mambo hayo, na ndugu zangu walinicheka sana. Wacha wacheke. Ile ilikuwa heshima yetu wawili, mimi na yeye, na hakuna aliyewahi kuivunja.

King'ora kikalia tukiwa tunaingia Igawa. Magari ya namna hii, upepo ukiisha breki za nyuma zinajishika zenyewe, na huendi popote hata ukisali. Nikaliingiza pembeni, karibu na akina mama wanaouza mchele, matairi ya nyuma yakinuka kuungua. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa historia na alikuwa amesinzia tangu Mafinga, akafungua macho.

"Tumefika?"

"Tumefika Igawa, baba watoto. Shuka utafute mawe uweke kwenye matairi."

Mafundi wa barabarani hawakukawia. Walikuja watatu, na kabla hata hawajainama wakasema kwa mdomo mmoja, kompresa ya kujaza upepo imekufa. Nikawaambia kompresa ni nzima, nikikanyaga mafuta mshale unapanda. Wakasema hapana mama, tunayajua magari haya. Nikauliza mmewahi kuona gari la namna hii lini? Mkubwa wao akaanza kunieleza kompresa ni nini, taratibu, huku akinionyesha kwa vidole. Jamani! Nilimpa maneno ambayo hata akina mama wa mchele waliacha kupima. Wakabeba spana zao. "Kama unajua, tengeneza mwenyewe," akasema yule mkubwa. Nami nikajibu, "Ndicho nitakachofanya." Walipokwisha kufika mbali ndipo nikaona ningeweza kunyamaza kidogo nikabaki nao. Mdomo wangu huu.

Nikavaa ovaroli. Upepo hauonekani, kwa hiyo unautafuta kwa kukata njia moja moja. Nilizima injini nikasikiliza. Mshale ulikuwa unashuka hata breki haijakanyagwa. Nikamwambia mume wangu akanyage breki, ashikilie, aachie. Haukuongeza kasi wala kupunguza. Basi tatizo haliko kwenye magurudumu. Nikachanganya sabuni ya unga na maji kwenye chupa, nikaingia chini, nikapaka kila kiungo, kila mtungi wa upepo, kila bomba ambalo mkono wangu ulifika. Panapovuja povu huwa linachemka. Sikuona hata povu moja. Nililala pale chini, mchanga umejaa shingoni, malori yanapita yananitikisia gari juu ya uso, nikayafuata mabomba kwa macho, moja baada ya jingine, mpaka nikaliona moja linalopanda juu na kupotea ndani ya sakafu ya nyumba.

Nikakumbuka. Wale wazungu walikuwa wametoa njia ya ziada ya upepo kwenda kwenye mifuko ya mpira, ili gari likiegeshwa kwenye mwinuko nyumba ikae sawa na chai isimwagike. Vishikio vya kuongozea mifuko hiyo viko ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Kitanda cha nyuma. Nilijaribu kuifunga njia ile hukohuko chini, lakini nati ilikuwa imeganda kwa kutu, na nikiilazimisha ikakatika, tunalala Igawa. Nikatoka chini ya gari nikakaa kwenye vumbi.

"Tatizo liko kwa mzee," nikasema.

"Mzee amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Limo chini yake. Kamuulize kama anasikia sauti."

Akapanda ndani. Niliwasikia wakinong'ona Kinyakyusa, kisha akarudi akijikuna kichwa. Mzee alikuwa ameisikia sauti hiyo tangu Mafinga! Kitu kinapuliza chini ya sikio lake njia nzima. Kwa nini hakusema? Kwa sababu gari ni la mkwewe na anayeendesha ni mkwewe, na mtu na heshima zake hatoi kasoro ya kazi ya mkwewe. Alidhani ni adabu kunyamaza. Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikapiga teke tairi.

Kumshusha mzee kulitaka watu wanne na kulimuumiza vibaya sana, nilishamsikia asubuhi wakimpakia. Basi mume wangu akaingia na chupa ya sabuni, nami nikasimama nje chini ya dirisha namwelekeza. Fungua kile kimlango. Umeona vishikio? Paka sabuni. Wapi panatoa povu? "Kote," akasema. Kote kivipi? Alikuwa ameimwaga chupa yote. Nikamwambia apapase kwa vidole. Tumbo lilimzuia, mkono haufiki, na alipolazimisha akavuta kishikio nisichomwambia, gari likainama upande mmoja na mzee akapiga kelele ya maumivu. Mume wangu akatoka. Akaangalia saa, nami nikaangalia pembeni. Kutoka Igawa mpaka Mbalizi kuna Chimala, kuna Igurusi, kuna foleni ya Uyole.

"Hatufiki," akasema.

"Tunafika."

"Mama watoto, hatufiki. Wacha niwapigie waendelee."

"Ukipiga hiyo simu nakuacha hapa na mchele."

Ndipo tukasikia mzee anamwita mwanawe. Akaingia, akakaa kidogo, akatoka na sura nisiyoielewa. "Anasema afunikwe uso," akaniambia. "Yaani mimi nimfunike, shuka, uso wote. Halafu wewe uingie."

Niliwakabili mafundi watatu bila kuogopa, na hapa kwenye ngazi ya gari langu mwenyewe niliogopa. Nilivua viatu. Nikakohoa, kama ninavyokohoa siku zote. Yeye naye akakohoa kutoka ndani, na nikajua ndiyo ruhusa.

Niliingia kinyumenyume, nikalala sakafuni nimeelekea sandukuni. Juu yangu kulikuwa na mtu mrefu chini ya shuka, akipumua. Nikaanza kusikiliza, lakini malori ya nje yalikuwa yanameza kila kitu. Basi mzee akagonga ubao wa kitanda, ko, ko, pale sauti ilipokuwa. Nikasogeza mkono. Akagonga tena, karibu zaidi na ukuta. Nikapaka sabuni kidogo kwa kidole, na pale, nyuma ya kishikio cha mwisho, povu likavimba. Kiungo kilikuwa kimepasuka ufa kama unywele. Nilikitukana kimoyomoyo kwa Kihehe.

Ili kukifungua lazima upepo wote utoke kwanza. Nikamwambia mume wangu aende akafungue koki ya mtungi, na kwa haraka yangu sikumwambia amwonye baba yake. Upepo ule ukitoka ni mshindo. Mzee alishtuka, akajivuta, akaguna kwa uchungu, na shuka nikalisikia linateleza mpaka sakafuni karibu na kichwa changu. Nikafumba macho. Nikabaki hivyo, spana mkononi, nimefumba kwa nguvu mpaka naona nyota, nikimwita mume wangu. Mume wangu akaja mbio, akamfunika tena, akasema, "Tayari." Nikafungua macho, nikaendelea na nati.

Kizibo cha kuziba ile njia sikuwa nacho. Nikatambaa mpaka kwenye sinki, nikafungua kizibo cha shaba cha bomba la maji, nikakipima. Nyuzi zilikubali. Nikakizungushia tepu nyeupe ya mabomba, nikakikaza mpaka bega likauma. Sinki ikaanza kumwaga maji sakafuni. Na imwage. Nikatoka, nikawasha injini, mshale ukapanda, ukapanda, ukafika. Nikazima. Nikauangalia. Haukushuka. Akina mama wa mchele wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini, na mimi nikawapungia mkono kama mbunge.

Niliendesha siku ile kuliko nilivyowahi kuendesha. Uyole malori yalikuwa yamebanana, mume wangu akashuka kuomba njia gari moja moja, tai imemkaa mgongoni. Tukiwa Mbeya mjini simu ikaita: ibada imekwisha, wanakwenda kaburini. Akajibu, "Msifukie. Tafadhalini, msifukie." Mteremko wa Iwambi niliushuka kwa gia ndogo, breki kidogo kidogo, jicho moja kwenye mshale. Kila nikikanyaga, gari liliitika.

Tulikuta jeneza limeshateremshwa. Wanaume walikuwa wamesimama na makoleo, wanangoja, na mchungaji ameshafunga kitabu. Walimtoa mzee na godoro lake, wakampitisha kati ya migomba, wakamlaza ukingoni mwa kaburi. Mimi nikakaa nyuma ya wanawake, nyuma kabisa, na ovaroli langu la vumbi, nimeinamisha kichwa.

Mtu akamwekea udongo mkononi. Nilisubiri kusikia unavyoanguka, nisisikie. Watu wakaanza kugeuka. Mzee, walivyonisimulia baadaye, alikuwa amekunja ngumi, udongo umo ndani, akiuliza niko wapi. Mume wangu akanyoosha kidole kuelekea kwangu, na wanawake wakasogea huku na huku mpaka pakawa na njia wazi kati yangu na godoro.

Nilipaswa kugeuka. Kila nilichofundishwa kilisema geuka. Nikainua kichwa nikamtazama. Ulikuwa uso wa mume wangu, ule ule, pua ile ile, umezeeka na umelowa machozi. Naye alikuwa ananitazama, hakuhamisha macho.

"Ndaga," akasema. Kwao ndiyo asante. Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia maishani.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akaufungua mkono juu ya kaka yake, na wanaume wakashika makoleo.