Balbu Zilizokufa Kifo Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana saa moja kasoro asubuhi, ovaroli mpya ikiwa mkononi na cheti cha chuo cha ufundi kikiwa ndani ya bahasha. Mtunza stoo alinitazama, akanielekeza jikoni. Alidhani mimi ndiye mpishi wa chai aliyekuwa akisubiriwa. Nikamwambia naitwa Nyanjige, ni fundi umeme wa magari. Hakucheka wala hakuomba radhi. Aliinua kidole tu, akanionyesha ofisi ya Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa Mkerewe mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alisoma cheti changu mbele, akakigeuza akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Unajua kupima umeme?"

"Najua, mzee."

"Vizuri. Baada ya miaka mitano nitakuuliza tena."

Karakana ile ilikuwa ya shirika moja la huduma za afya lenye makao yake hapa Mwanza, na magari yake yalihudumia vituo vya mjini na vya ng'ambo ya ziwa. Mafundi wa leo huchomeka kompyuta kwenye gari, nayo ikawaambia ugonjwa. Sisi tulikuwa na mita, taa ndogo ya kupimia, na pua. Pua ilikuwa kifaa cha kazi kweli, kwa sababu waya unaoungua una harufu yake, na betri inayochemka ina harufu yake nyingine, kali, ya tindikali.

Kazi iliyotujia mara nyingi kuliko zote ilikuwa ndogo kuliko zote: balbu za taa za mbele. Madereva walilalamika kwamba zinaungua upesi, na mafundi wengi walibadilisha tu, gari likaondoka. Fundi Mkuu hakukubali. "Usitupe balbu iliyoungua kabla hujaisoma," alisema, kisha akanikalisha dirishani kwenye mwanga na kunifundisha kuisoma.

Ndani ya balbu kuna uzi mwembamba wa chuma unaowaka. Uzi ukikatika huku kioo kikiwa safi, mara nyingi balbu imeuawa na mtikisiko: barabara mbovu, au taa isiyokazwa vizuri. Kioo kikiwa na uvimbe kama lengelenge, kuna aliyekishika kwa vidole vitupu wakati wa kuifunga, mafuta ya ngozi yakabaki pale na kupata moto kuliko sehemu nyingine. Ukikuta unga mweupe ndani, hewa imepenya, pengine kwa sababu maji yaliingia ndani ya taa yakadondokea kioo cha moto kikapasuka. Lakini kioo kikiwa cheusi, kimeshika masizi kama chungu kilichokaa jikoni, balbu hiyo imelishwa umeme mwingi kuliko inavyoweza kula.

Niliyashika hayo. Baada ya miaka minne nilihamishiwa Sengerema, kituo cha peke yangu, na huko niliona vifo vya mtikisiko mpaka nikavizoea, maana magari yalishinda kwenye barabara za changarawe. Niliporudishwa Mwanza nilikuwa na cheo cha Fundi Umeme Daraja la Kwanza. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu bila kuniuliza tena lile swali lake. Juu yangu sasa alikuwapo Meneja wa Usafirishaji, mtu wa karatasi, mnadhifu, ambaye hakuwa fundi wala hakujidai kuwa fundi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nimekusudia kulieleza.

Tulikuwa na dereva wa gari la wagonjwa, jina lake Masalu. Alinizidi umri kidogo, nami nilimwita kaka. Mtu mpole, asiyepiga honi ovyo. Gari lake lilianza kuunguza balbu za mbele. Kwanza baada ya miezi miwili, kisha mwezi, kisha wiki mbili, na mara nyingi zote mbili kwa pamoja. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba dereva alete iliyoungua stoo ndipo apewe mpya, naye alileta kila mara, akiwa ameifunga kwenye kitambaa.

Meneja akaniita ofisini.

"Fundi, balbu zinaungua upesi kiasi hiki kweli?"

"Si kawaida."

"Nimeambiwa pale Mabatini mafundi wanatupa balbu mbovu kila siku. Mtu anaweza kuziokota, akazileta hapa, akachukua mpya akauza. Sisemi ndivyo ilivyo. Nataka unipimie gari hilo uniandikie."

Masalu akalileta gari asubuhi. Niliwasha injini, nikafunga mita kwenye betri. Gari la volti kumi na mbili, injini ikiunguruma, altaneta, mashine inayochaji betri, inatakiwa kupeleka volti kama kumi na nne. Mita ilisoma kumi na nne na nukta moja. Nikakagua waya, fyuzi na swichi ya taa. Vyote vizuri. Kazi nzima ilichukua kama dakika kumi, kwa sababu kulikuwa na magari mengine matatu yakinisubiri.

Masalu alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. "Dada, na maji ya betri yanaisha sana. Kila wiki naongeza."

"Ni joto hili, kaka," nilimjibu, nikiwa tayari nakunja waya za mita.

Niliandika taarifa ya mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema: Mfumo wa umeme wa gari hili hauna kasoro. Nikatia sahihi. Sikumtaja Masalu, na kwa muda mrefu nilijitetea moyoni kwa hilo. Lakini Meneja hakuhitaji nimtaje. Kama gari halina kasoro, mwenye kasoro ni dereva.

Masalu aliondolewa kwenye gari, akawekwa getini. Hakufukuzwa, maana hapakuwa na ushahidi wa kumfukuza. Alipewa rungu na kitabu cha wageni. Kila asubuhi nilipopita alinifungulia geti na kusema, "Habari za asubuhi, fundi," kwa sauti ileile ya siku zote. Zamani alikuwa akiniita dada. Karakana nzima ilijua sababu ya yeye kuwa pale, na mtaani kwao Butimba walijua pia, kwa kuwa habari za namna hiyo hazingoji kubebwa.

Gari akapewa dereva mwingine, kijana aliyetoka kuajiriwa. Wiki ya tatu alikuja dirishani kwangu na kitambaa mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Taa zangu za mbele zimeungua. Zote mbili."

Alipokifungua kitambaa, niliviona vioo viwili vyeusi. Nilimuuliza kama anaongeza maji ya betri. Akasema anaongeza, tena mara kwa mara, na kwamba akifika mbali anasikia harufu kali ndani ya gari.

Siku iliyofuata niliomba nipande naye. Nilifunga mita kwa waya mrefu kutoka kwenye betri mpaka mapajani pangu, tukatoka karakana saa nne asubuhi, taa zikiwaka kama gari la wagonjwa linavyotakiwa. Mpaka Nyegezi mita ilisoma kumi na nne. Tulipoiacha stendi ya mabasi na dereva akaongeza mwendo, ilibaki palepale. Tulipofika Usagara nilikuwa naanza kujiona nimesalimika. Kisha injini ikapata joto sawasawa, na tulipokuwa tukielekea Misungwi namba zikaanza kupanda. Kumi na nne na nusu. Kumi na tano. Zilipofika karibu na kumi na sita nilimwambia dereva asimame. Nilishuka, nikafungua boneti, na betri ilikuwa ikichemka kama sufuria ya mihogo.

Kosa lilikuwa kwenye regyuleta, kile kifaa kidogo kinachoizuia altaneta isipeleke umeme kupita kiasi. Kikiwa baridi kilifanya kazi yake. Kikipata moto kilishindwa, nao umeme ukapanda bila kizuizi. Ndiyo maana balbu ziliungua, na ndiyo maana maji ya betri yalikauka. Masalu alikuwa ameniambia. Mimi nilipima gari baridi, limesimama, kwa dakika kumi, na balbu zake sikuzisoma hata moja.

Nilibadilisha regyuleta jioni ileile. Lakini nilimjua Meneja. Angesema kifaa kimeharibika juzi, na yale ya Masalu ni mengine. Kwa hiyo nikaenda stoo. Mtunza stoo alikuwa na boksi la balbu mbovu zilizorudishwa, kila moja na kikaratasi chenye namba ya gari, maana alikuwa mtu asiyetupa kitu. Nikachambua zile za gari la Masalu. Zilikuwa kumi na moja. Nilizisoma moja moja dirishani. Zote nyeusi.

Kesho yake nilikwenda Mabatini, nikapita kwa mafundi watatu wa mtaani, nikawaomba balbu zao mbovu. Walishangaa, wakanipa kopo zima. Nikarudi na kuzipanga mezani kwa Meneja kwa safu mbili.

"Hizi za Mabatini," nilimwambia. "Tazama. Hii imekatika uzi, kioo safi. Hii ina lengelenge. Hii ina unga mweupe. Hii nyeusi. Kila moja na kifo chake. Sasa tazama hizi za Masalu."

Alivaa miwani. Alizitazama kwa muda.

"Zinafanana zote."

"Zimekufa kifo kimoja, kwenye gari moja. Mtu anayeokota mitaani hawezi kuokota kumi na moja za namna hii."

"Lakini wewe uliniandikia kwamba gari halina kasoro."

"Niliandika. Nilipima vibaya."

Alivua miwani. Nadhani alikuwa akinipa nafasi ya kusema zaidi, kwamba mita ilikuwa mbovu, au kwamba kazi zilikuwa nyingi. Sikusema. Akasukuma karatasi nyeupe upande wangu. "Andika upya," alisema.

Nikaandika ukurasa mzima, nikatia sahihi, nikabaki na nakala. Baada ya siku chache Masalu alirudishiwa ufunguo wa gari lake. Nilimfuata pale uwanjani, nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba yeye aliniambia habari za maji ya betri nami sikumsikiliza.

"Gari limepona?" aliuliza.

"Limepona."

"Haya." Akaingia garini. Hakuniita dada siku hiyo wala siku zilizofuata, lakini alipokuwa na tatizo la umeme alikuja kwangu, nami sikuwahi tena kumpimia gari lake likiwa limesimama.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa Msimamizi wa Umeme, nikafundisha mafundi wapya, na somo langu la kwanza lilikuwa la kusikiliza dereva kabla ya kufungua boneti. Taa zikabadilika. Siku hizi magari mengi yana taa zisizo na uzi kabisa, na vijana wanaona habari za kusoma balbu kama habari za kale. Ni kweli kwa kiasi. Lakini umeme uliozidi bado huua kila kitu kinachotumia umeme, hata hivyo vipya, na kopo la balbu mbovu bado lipo kwenye kila gereji niliyopita.

Masalu alistaafu kabla yangu. Mara mbili nafasi ya Msimamizi wa Madereva ilikuwa wazi, na mara mbili akapewa mwingine. Tulidhani ni kwa sababu hakusoma sana.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kwa Afisa Utumishi kukamilisha karatasi zangu. Sijui kilichonisukuma. Nilimwomba, kama inaruhusiwa, aangalie kwenye faili la Masalu kama kuna taarifa yangu. Akalitoa kabatini, akafunua.

"Ipo," alisema. "Mistari minne."

"Na ya pili? Ya ukurasa mzima?"

Akafunua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Haikuwamo. Palikuwa na karatasi ya kumhamishia getini, nyuma yake taarifa yangu yenye sahihi yangu, na kila aliyelifungua faili lile kutafuta msimamizi alizikuta hizo mbili.

Nilirudi nyumbani, nikaitafuta ile nakala, nikaileta kesho yake. Afisa Utumishi aliisoma, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaitoboa na kuifunga mbele ya ile ya mwanzo. Nilisubiri mpaka alipolirudisha faili kabatini.

Jumamosi nilikwenda kwa Masalu. Siku hizi anaishi Usagara, ana ng'ombe wachache na shamba la mpunga. Alinikaribisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono ikiwa magotini. Nilimwambia karatasi yangu ya pili haikuwamo failini, kwamba nadhani hilo ndilo lililomkosesha cheo, na kwamba sasa imo, ijapokuwa haimfai tena kitu.

Akageukia mlango na kumwita mkewe, ambaye alikuwa akichambua mchele ndani.

Mama yule alitoka akijifuta mikono kwa kanga, akasimama. Nilitambua kwamba ndiye aliyeishi Butimba miaka ile, akichota maji kwenye bomba moja na wanawake waliomwita mke wa mwizi wa balbu.

"Rudia, dada," Masalu aliniambia. "Mwambie na yeye asikie."

Nikarudia, tangu mwanzo.