Karatasi Isiyo na Tunda

Kazini walimwita Mzee Gundi, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akibandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu, na kwa sababu, walivyosema watani, siku ya kustaafu itabidi wambandue kitini kwa maji ya moto. Hakununa. Waliomtania hawakujua hata gundi ilivyokuwa ikipikwa zamani; siku hizi inakuja kwenye chupa.

Chumba chake kilikuwa kirefu, kimejaa makabati ya chuma yaliyopangwa mgongo kwa mgongo, na harufu ya dawa ya wadudu ilikuwa imeingia mpaka kwenye chai yake. Ndani ya makabati ililala mimea ya nchi nzima, kila mmoja kwenye karatasi yake kama maiti aliyeoshwa vizuri: tawi, majani, ua, na kibandiko pembeni kinachosema nani aliuchuma na wapi. Kazi alifundishwa na mkusanyaji mmoja, marehemu sasa, aliyemchukua kumbebea mbao za kukandamizia mimea akamwachia kila alichokijua. Enzi hizo jina la mmea lilifuatwa kwa miguu. Ulipanda mlima, ukachomwa miba, ukanyeshewa, ukavunja jani na kulinusa, ndipo ukathubutu kutamka jina. Sasa jina linavutwa hewani, na anayelivuta hana hata tope kwenye soli.

Aliyeletwa kulivuta alikuwa mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, mwanamke mpole aliyesomea kompyuta. Mkurugenzi alikuwa ameagiza orodha yote ya mimea ya nchi ilinganishwe na orodha kuu ya mtandaoni, ile inayotumiwa na wataalamu wa dunia nzima. Mpwa aliingiza majina, mashine ikayapitia moja moja. Jina linalokubaliwa liligeuka kijani. Lenye mashaka, manjano. Nyekundu ilikuwa kwa jina lililofutwa, ambalo mmea wake umeunganishwa na mwingine.

Mzee Gundi aliketi kando na kikombe chake, amesusa nusu. Lakini haki ya mtu mpe. Mara kadhaa mashine ilimwonyesha kwamba mmea mmoja alikuwa ameuweka kwenye makabati mawili kwa majina mawili, na akalazimika kunung'unika kwamba hapo imesema kweli. Mpwa alicheka akisema leo mjomba amekiri kitu, mvua itanyesha.

Kicheko kiliisha siku walipofika kwenye kichaka cha chemchemi.

Kichaka hicho kiliota kando ya chemchemi, kwenye msitu mdogo tu wa mlimani, karibu na nyumba ya dada yake, ambako mpwa alizaliwa. Msitu ule haukuwa na mbao za maana wala wanyama wa kutazamwa. Ulikatazwa kuguswa kwa sababu moja: kichaka hakikupatikana kwingine kokote duniani. Wachimba mawe walikuwa wameumezea mate mlima ule miaka mingi, na katazo hilo ndilo lililowazuia. Kwenye skrini mstari wa kichaka ulikuwa mwekundu. Mtaalamu fulani wa mbali alikuwa ameamua kwamba ni kichaka kile kile cha kawaida kinachoota kando ya kila barabara.

"Si kimoja," alisema Mzee Gundi. "Tunda lake lina vyumba vitatu vya mbegu. La kile kingine lina kimoja tu."

Mpwa alimwambia kuna mahali pa kupinga, wakapinga. Jibu lilikuja kwa adabu. Wataalamu wameziona picha za majani na maua, hawakuona tofauti. Kama tofauti iko kwenye tunda, tafadhali watumiwe picha za tunda lenyewe, bichi na bivu, zima na lililopasuliwa.

Hakuwa na haja ya kufungua kabati. Alijua. Karatasi zote za kichaka kile zilikuwa na majani na maua, hakuna hata moja yenye tunda. Mkusanyaji alikuwa na mwiko: mmea ulio adimu usiuchume tunda. Jani chukua, ua chukua, tunda uachie msitu, ndilo mtoto wake. Siku moja Mzee Gundi, enzi hizo kijana wake wa mizigo, alijisahau akachuma, na mkusanyaji akamrudisha mlima mzima kwenda kulifukia pale pale alipolitoa.

"Kwa hiyo ushahidi mliuacha porini, mjomba?"

"Hatukuuita ushahidi. Tuliuita mbegu."

Alifunga safari kwenda kwa dada yake. Alimkuta mlangoni, amezeeka lakini ulimi ungali mkali kama wembe.

"Umekuja kunisalimia mimi au majani?"

"Vyote, dada."

"Muongo. Salamu zangu hazijawahi kukuchafua magoti."

Waliingia msituni pamoja. Habari za mstari mwekundu zilikuwa zimewafikia wachimba mawe kabla yake. Habari mbaya ina mbawa. Walikuwa wamekwisha pitisha njia ya kupimia, pana kama barabara, vigingi vyenye rangi vimesimama kila upande. Vichaka alivyovizoea vilikuwa visiki. Kilibaki kimoja, kimeinamia maji, na chini ya majani yake matunda machache yalining'inia kama hereni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akapiga magoti. Dada yake alimtazama akifungua mfuko.

"Leo mwiko umelala?"

Alimweleza kwamba tunda likibaki mtini msitu unakatwa, na likichumwa huenda msitu ukapona. Akachuma. Alidhamiria kubakiza. Lakini walitaka bichi na bivu, zima na lililopasuliwa, na aliogopa wasije wakasema hayatoshi. Akamaliza yote.

Kazini aliyapasua mengine kwa wembe, vyumba vitatu vikaonekana waziwazi, mpwa akapiga picha na kuzituma. Yaliyobaki aliyakausha kwenye sanduku la joto, kama anavyokausha kila kitu kinachoingia chumbani humo, maana karatasi yenye ukungu huharibu kabati zima. Mikono ilifanya ilichozoea kufanya. Kisha akayabandika.

Wataalamu walijibu kwamba wamepokea, shauri liko kwenye foleni. Foleni haikuwa na haraka. Mkurugenzi alikuwa nayo: alitaka orodha safi, isiyo na mstari wa kubishaniwa. Mpwa alikuja akasimama karibu na meza ya mjomba wake, akasema ameambiwa akubali mistari yote myekundu, majina yake yafutwe, na mwisho ni leo.

"Basi bonyeza," alisema bila kuinua macho.

"Ni kwetu, mjomba."

"Najua ni kwetu."

Akabonyeza. Katazo likaondolewa, na baruti ikaanza kusikika mpaka jikoni kwa dada yake.

Mvua zilikuja zikapita. Ndipo siku moja mpwa aliingia chumbani akitembea upesi, akageuza skrini amwonyeshe. Mstari ulikuwa kijani. Wataalamu wameridhika na tunda: kichaka cha chemchemi ni mmea wake, na jina lake limerudishwa.  Mzee Gundi akainuka, akaitoa ile karatasi ya matunda kwenye jalada la kichaka cha barabarani alikolazimishwa kuiweka, akairudisha kwenye jalada lake. Akampigia dada yake simu.

"Jina limerudi, dada."

"Limerudi wapi?"

 Kule kwenye simu mashine zilikuwa zikinguruma. Dada yake alisubiri zitulie, akasema kile kichaka cha kwenye maji kimekwenda na maji yenyewe, lakini yeye ana kopo na udongo mzuri nyuma ya jiko.

"Zile mbegu ulizochukua. Nipe hata moja niioteshe."

"Zimekauka, dada."

"Mbegu zote hukauka."

"Nilizikausha kwa moto."

 Mzee Gundi aliendelea kushika simu sikioni, mkono mwingine ukiwa juu ya jalada. Mwishowe akamsikia akivuta pumzi, na kopo likiwekwa chini.