Kitasa cha gari la Kimarekani

Ndugu zangu, leo gari langu la Kimarekani limeyapita ya Kijapani yote barabara ya Kigongo!

Haya, uongo. Halikumpita hata punda.

Nilikwenda kivukoni kumpokea mkamwana, mke mpya wa mwanangu. Akakaa nyuma kwa heshima. Nikawasha.

Likakohoa, likafa.

Nikavuta mlango wake ashuke. Kitasa kikabaki mkononi mwangu! Mlango wa pili nilishaufunga kwa waya zamani.

Aruke kiti, aje mbele alipokaa baba mkwe? Mwiko!

Basi akatokea dirishani, kichwa kwanza, foleni nzima ikitazama. Mimi nimegeukia ziwa, nimeshika kitasa.

Mama mmoja wa dagaa akamvuta. "Mzee, hili gari au zizi?"

Akampakia kwenye pikapu yake ya Kijapani, kuukuu, matope mpaka masikioni. Ikawaka mara moja!

Mkamwana akanipungia kutoka juu ya magunia: "Baba, tutakusubiri nyumbani!"

Ptuu! Bati lote lile la Kimarekani, limeshikwa kwa mate.

Masanja, wewe unayecheka hapo, nilikusetiri ulipokwepa kazi ya shamba la kijiji. Nawe nisetiri: wazazi wa mkamwana wakikuuliza, sema petroli iliisha.